Kisa cha Bugatti nne: Moja ilipotea vitani, haijaonekana hadi leo

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA yeyote aliyewahi kuingiza gari kupitia Rusumo, Kabanga au Mutukula analijua swali la kwanza la ofisa wa forodha. Hakuulizi gari lina kasi gani, wala viti vyake ni vya ngozi au vya kitambaa. Anakuomba karatasi, kisha anafungua boneti na kutafuta namba ya chasisi. Namba ikilingana na karatasi, mnaanza kuzungumzia ushuru. Isipolingana, gari linabaki uani hata kama mtaji wako wote umelala humo.

Swali hilo hilo ndilo lililotawala maisha ya magari manne yaliyotengenezwa nchini Ufaransa kati ya mwaka 1936 na 1938. Ni magari aina ya Bugatti Type 57S, yenye bodi iliyopewa jina la Atlantic. Yalitengenezwa manne tu. Moja lilinunuliwa na tajiri wa London na leo linahesabiwa miongoni mwa magari ghali kuliko yote duniani. Jingine liligongwa na treni. La tatu lipo kwa mbunifu maarufu wa mavazi wa Marekani. Na moja, ambalo mwenyewe kiwanda alilipenda kuliko mengine, lilitoweka wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mpaka leo hakuna anayejua liko wapi.

Kisa chake si cha matajiri peke yao. Ni kisa cha vita, cha mpaka uliohamahama, cha mtu aliyerudi kwake akakuta mali imeshikwa na wengine, na cha karatasi chache zilizookoka.

Mpaka ulihama, kiwanda kilibaki palepale

Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Ettore Bugatti, alizaliwa Milan, Italia, mwaka 1881. Mwaka 1909 alifungua kiwanda chake katika mji mdogo wa Molsheim, kwenye jimbo la Alsace. Leo Molsheim ni Ufaransa. Lakini mwaka ule Alsace ilikuwa sehemu ya Ujerumani, kwa kuwa Wajerumani waliitwaa baada ya vita vya mwaka 1870 na 1871.

Kwa hiyo Mwitaliano huyo alianza kazi akiwa mgeni katika ardhi ya Ujerumani iliyokuwa na watu wengi wenye moyo wa Kifaransa. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, aliondoka. Kabla ya kuondoka alifanya jambo ambalo wazee wetu wengi wangelielewa bila kufafanuliwa. Alifukia ardhini vipuri vya magari matatu ya mashindano ili asije akavikuta vimechukuliwa.

Vita vilikwisha mwaka 1918. Alsace ikarudi Ufaransa. Bugatti naye akarudi Molsheim, akafukua vipuri vyake na kuunganisha magari. Kiwanda kilikuwa palepale kilipoachwa, ila sasa kilikuwa katika nchi nyingine.

Miaka ya 1920 ilikuwa ya neema. Magari ya Bugatti yalishinda mashindano mengi barani Ulaya. Mwaka 1929 yalipofanyika mashindano ya kwanza ya Grand Prix ya Monaco, mshindi alikuwa dereva William Grover-Williams akiendesha Bugatti. Msomaji alikumbuke jina hilo, maana litarudi mbele.

Bodi lililofungwa kwa ribiti

Katika miaka ya 1930 shughuli nyingi za ubunifu kiwandani zilikuwa mikononi mwa mtoto wa kwanza wa kiume wa Ettore, aliyeitwa Jean. Kijana huyo alikuwa na jicho la umbo na mkono wa fundi. Gari kuu la kiwanda wakati huo lilikuwa Type 57, lililoanza kutengenezwa mwaka 1934. Baadaye likatolewa toleo la chini zaidi na lenye nguvu zaidi, likaitwa 57S. Lililofungwa kompresa ya kusukuma hewa kwenye injini liliitwa 57SC.

Injini yake ilikuwa na silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wa sentimita za ujazo 3,257. Lenye kompresa lilikadiriwa kutoa nguvu za farasi 200 hivi na kuzidi kasi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa barabara na matairi ya wakati ule, hiyo ilikuwa kasi ya kutisha.

Mwaka 1935, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, Jean alionyesha gari la majaribio lililoitwa Aérolithe. Bodi lake lilikuwa la mchanganyiko wa magnesiamu, madini mepesi sana lakini yenye tabia mbaya: ukiyachomelea yanaweza kuwaka moto. Mafundi wakaamua kutochomelea. Walikunja kingo za mabati kwa nje na kuzifunga kwa ribiti, mfano wa mfundi bati anavyounga mapipa. Ukaonekana mstari wa ribiti ukipita juu ya gari kutoka mbele hadi nyuma kama mgongo wa samaki.

Magari manne yaliyofuata yalitengenezwa kwa aluminiamu, ambayo huchomelewa bila hatari hiyo. Lakini Jean aliuacha mgongo ule wa ribiti kwa sababu ulimpendeza. Ndiyo alama inayoyatambulisha mpaka leo.

Jina la Atlantic lilitokana na msiba. Rubani Jean Mermoz, Mfaransa aliyepata sifa kwa kupeleka barua za posta kwa ndege kati ya Afrika na Amerika Kusini, alipotea juu ya bahari ya Atlantiki tarehe 7 Desemba 1936. Gari likapewa jina la bahari hiyo kwa heshima yake. Mtu akiwaza yaliyofuata baadaye, anaona jina hilo lilitabiri kitu: gari moja kati ya manne nalo lilipotea bila kaburi.

La kwanza: Kutoka London hadi California

Gari la kwanza lina chasisi namba 57374. Lilikabidhiwa Septemba 1936 kwa Victor Rothschild wa London, kijana wa ukoo maarufu wa mabenki ambaye yeye mwenyewe aliamua kuwa mwanasayansi wa wanyama. Lilikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Lilitoka kiwandani bila kompresa, ikafungwa baadaye.

Rothschild alilitumia kwa miaka mitano hivi. Vita vilipokuja, alijiunga na idara ya usalama ya Uingereza akafanya kazi ya kutegua mabomu, kazi iliyompatia nishani. Mwaka 1941 injini ya gari ilikuwa imeharibika, naye akaachana nalo. Katikati ya vita, na mafuta yakigawiwa kwa vipimo, nani angehangaika na gari la kifahari lililokufa injini?

Baada ya vita lilivuka bahari hadi Marekani na likawa mali ya daktari mmoja wa Los Angeles. Alikaa nalo miaka mingi. Mwaka 1971 liliuzwa mnadani kwa dola 59,000, na mnunuzi alikuwa daktari mwingine, Peter Williamson, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Wakati ule watu walishangaa. Hakuna Bugatti iliyowahi kuuzwa kwa bei kubwa namna hiyo, na wengi walidhani daktari amepoteza akili.

Williamson hakuwa na haraka. Alilitunza kwa zaidi ya miaka 30, akalifanyia matengenezo makubwa ya kulirudisha katika sura yake ya mwaka 1936. Mwaka 2003 lilishinda tuzo ya juu kwenye maonyesho ya Pebble Beach, California, ambayo ndiyo mashindano makubwa ya urembo wa magari ya kale duniani.

Williamson alifariki mwaka 2008. Mwaka 2010 gari likauzwa kwa makubaliano ya faragha. Bei haikutangazwa rasmi, lakini vyombo vya habari vya wakati ule vilikadiria kati ya dola milioni 30 na 40. Tukichukua kiwango cha chini tu, ni zaidi ya mara 500 ya bei ya mwaka 1971. Lilipelekwa katika jumba la makumbusho la Mullin mjini Oxnard, California. Mwanzilishi wa jumba hilo, Peter Mullin, alifariki Septemba 2023, na Februari 2024 milango ya jumba ilifungwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni moja. Kutoka Rothschild hadi wamiliki wa karne hii, kila mkono uliolipokea gari hilo unajulikana. Bei inayolipwa si ya chuma na ngozi tu. Sehemu kubwa ni malipo ya uhakika.

La tatu: Treni haikulisubiri

Gari la tatu, chasisi namba 57473, lilinunuliwa mwaka 1936 na Mfaransa aliyeitwa Jacques Holzschuh. Hata kabla ya vita bodi lake lilifanyiwa mabadiliko kadhaa, kwa hiyo halikubaki kama lilivyotoka Molsheim.

Gari hilo lilipona vita. Lilichoshindwa kupona ni treni. Mwaka 1955, karibu na mji wa Gien katikati ya Ufaransa, liligongwa mahali reli inapokatiza barabara. Mmiliki wa wakati huo na mwanamke aliyekuwa naye walifariki. Gari lilisagika, mabaki yakaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Hapo ndipo mambo mengi huishia. Lakini miaka ya 1960 mpenzi mmoja wa Bugatti aliyanunua mabaki hayo na kuanza kazi ya kulifufua, iliyoendelea hadi miaka ya 1970. Mabati yaliyofaa yalinyooshwa, yasiyofaa yakatengenezwa upya. Injini ya asili haikurudi. Baadaye mmiliki mwingine alilifanyia matengenezo mapya, na mwaka 2010 likaonyeshwa tena hadharani huko Pebble Beach.

Sasa mafundi wa gereji zetu, ambao wameona magari mengi ya kukatwa nusu na kuunganishwa na nusu nyingine, watauliza: je, hilo bado ni gari lile lile? Wataalamu wa Bugatti wamelumbana kuhusu jambo hilo kwa miaka mingi. Wanakubaliana kwamba ni gari halali lenye historia inayofuatilika, kwa kuwa mabaki yake hayakuwahi kupotea machoni pa watu. Lakini hakuna anayeliweka daraja moja na mawili yaliyobaki kamili. Huwezi kufufua injini iliyokwenda na treni.

La nne: Mwanasheria na mbunifu wa mavazi

Gari la mwisho, chasisi namba 57591, lilikabidhiwa mwaka 1938 kwa R. B. Pope wa London. Lilikuwa la bluu, lenye usukani upande wa kulia kama magari yetu ya Tanzania, Kenya na Uganda, na lilipewa namba za usajili EXK 6. Mwaka 1939 Pope alilirudisha Molsheim likafungwe kompresa. Likawahi kurudi Uingereza kabla ya vita.

Pope alikaa nalo takriban miaka 30, kisha likanunuliwa na Mwingereza mwingine aliyekuwa analifahamu vizuri. Mwaka 1988 lilinunuliwa na Ralph Lauren, mbunifu wa mavazi wa Marekani ambaye jina lake tunaliona kwenye mashati mpaka kwenye mitumba. Alilifanyia matengenezo kamili na kulipaka rangi nyeusi. Mwaka 1990 lilishinda tuzo ya juu ya Pebble Beach, na mwaka 2012 likashinda Villa d'Este, Italia.

Hili ndilo lenye maisha mepesi kuliko yote. Liliishi upande wa bahari ambako jeshi la Ujerumani halikufika, mikononi mwa watu wachache waliokuwa na nafasi ya kulitunza na karatasi za kuthibitisha kwamba ni lao.

La pili: Gari jeusi la Jean

Tumeliruka la pili makusudi. Lina chasisi namba 57453. Halikuagizwa na mteja. Lilikuwa la kiwanda, na aliyelitumia zaidi alikuwa Jean Bugatti mwenyewe. Lilikuwa jeusi, ndiyo maana leo linaitwa La Voiture Noire, yaani gari jeusi. Picha zake ndizo zilizotumika kwenye vitabu vya matangazo, na mwaka 1937 lilionyeshwa katika maonyesho ya Nice na Lyon.

Jean alikuwa akiwaazima marafiki na madereva wa timu. Miongoni mwa waliolitumia anatajwa Grover-Williams, yule mshindi wa Monaco.

Tarehe 11 Agosti 1939, wiki tatu kabla ya vita, Jean alikuwa akijaribu gari la mashindano kwenye barabara ya karibu na kiwanda. Akamkuta mwendesha baiskeli mbele yake. Katika kumkwepa aligonga mti akafariki papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Baba yake hakupata hata muda wa kumaliza matanga. Vita vilipoanza, mitambo ya kiwanda ilihamishiwa Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, mbali na mpaka wa Ujerumani. Juni 1940 Wajerumani waliingia. Alsace ikatwaliwa tena na Ujerumani. Kiwanda cha Molsheim kikachukuliwa kwa mauzo ya kulazimishwa, kikakabidhiwa kwa Mjerumani Hans Trippel, mtengenezaji wa magari yanayotembea nchi kavu na majini kwa ajili ya jeshi.

Mara ya mwisho gari jeusi kutajwa kwenye maandishi ni mwaka 1941, katika orodha ya magari ya kupelekwa Bordeaux. Baada ya mstari huo mmoja kwenye orodha, kimya. Hakuna hati ya kupokelewa, hakuna stakabadhi ya mauzo, hakuna picha.

Wapo wanaoamini lilichukuliwa na ofisa wa jeshi la Ujerumani. Wengine wanadhani liliharibiwa na mabomu, au liliyeyushwa kwa ajili ya aluminiamu yake, madini yaliyotafutwa sana kutengenezea ndege. Wengine wana imani kwamba limefichwa kwenye ghala fulani, na mwenye ghala hajui alichonacho. Hakuna kati ya hao aliyetoa ushahidi.

Nao walioweza kusimulia hawakubaki. Grover-Williams, ambaye baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mfaransa, alijiunga na idara ya siri ya Uingereza na kurushwa Ufaransa kuongoza kikundi cha wapinzani wa Wajerumani. Alikamatwa Agosti 1943 na kuuawa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1945. Mwenzake Robert Benoist, dereva mwingine wa Bugatti aliyeshinda Le Mans mwaka 1937, aliuawa katika kambi ya Buchenwald Septemba 1944. Vita huondoka na mali, na huondoka pia na mashahidi wa mali.

Mzee aliyerudi akakuta kufuli

Mwaka 1945 Alsace ilirudi tena Ufaransa. Ungetegemea Ettore Bugatti arudi Molsheim na kufungua milango kama alivyofanya mwaka 1919. Haikuwa hivyo. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imekishikilia kiwanda. Hoja ilikuwa kwamba kiliuzwa kwa adui, na kwamba mwenyewe alikuwa raia wa Italia, nchi iliyopigana upande wa Ujerumani.

Mzee aliyeishi Alsace karibu miaka 40 akajikuta anatakiwa kuthibitisha mahakamani kwamba kiwanda ni chake na kwamba hakuuza kwa hiari. Msomaji aliyerejea nyumbani baada ya miaka mingi kambini, akakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwenye karatasi ya serikali, hahitaji kuelezwa uchungu wa kesi ya namna hiyo.

Bugatti alichukua uraia wa Ufaransa mwaka 1946. Mwaka 1947 mahakama ilimrudishia haki yake. Lakini alikuwa tayari mgonjwa. Alifariki Paris tarehe 21 Agosti 1947, bila kupata muda wa kufaidi ushindi huo. Kampuni ilichechemea hadi mwaka 1963 ilipouzwa kwa Hispano-Suiza. Jina lilifufuliwa na mfanyabiashara wa Kiitaliano mwaka 1987, likanunuliwa na Volkswagen mwaka 1998, na tangu 2021 liko chini ya kampuni ya Bugatti Rimac.

Likipatikana leo, ni la nani?

Kampuni ya Bugatti yenyewe imekadiria kwamba gari jeusi likipatikana thamani yake inaweza kuzidi euro milioni 100. Mwaka 2019 kampuni ilitengeneza gari jipya moja tu na kuliita La Voiture Noire kwa kumbukumbu ya lile la zamani, likauzwa kwa euro milioni 11 kabla ya kodi. Kama kivuli tu kina bei hiyo, fikiria mwenye kivuli.

Lakini tuseme kesho mkulima wa karibu na Bordeaux anabomoa ukuta wa ghala na kulikuta. Nani mwenye gari?

Sheria ya Ufaransa ina kanuni ya zamani kwamba kwa mali inayohamishika, anayeishikilia kwa nia njema huchukuliwa kuwa mwenye mali. Aliyeibiwa au kupotelewa ana miaka mitatu ya kudai kutoka kwa anayeishikilia. Kwa kanuni hiyo, miaka mitatu ilikwisha zamani.

Hata hivyo, ipo sheria nyingine. Tarehe 21 Aprili 1945 serikali ya Ufaransa ilitoa amri ya kubatilisha uporaji uliofanywa wakati nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani, hata pale uporaji ulipovishwa nguo ya mauzo. Chini ya amri hiyo, mnunuzi wa baadaye hawezi kujitetea kirahisi kwa kusema alinunua kwa nia njema. Mpaka karne hii mahakama za Ufaransa zimeitumia kurudisha michoro ya sanaa kwa wajukuu wa walioporwa.

Kwa hiyo swali litakuwa: gari liliporwa, liliuzwa, au liliachwa tu? Likiwa liliporwa, warithi wa Bugatti wana hoja. Likiwa liliuzwa kihalali mwaka 1940 au 1941, hoja ni ya warithi wa mnunuzi. Kampuni ya leo ilinunua jina la biashara, na kununua jina si lazima iwe umenunua mali iliyopotea miaka mingi nyuma. Jibu lote linategemea karatasi ambayo hakuna mtu aliyeiona.

Namba moja haitoshi

Kuna hatari nyingine ambayo wafanyabiashara wa magari wanaifahamu. Bei ikiwa kubwa kiasi hicho, kuna mtu atajaribu kutengeneza gari na kulipiga namba 57453.

Bahati nzuri, mafundi wa Molsheim walikuwa na utaratibu mgumu kudanganya. Mbali na namba ya gari, fremu ilikuwa na namba yake, injini namba yake, na giaboksi na difu nazo zilipigwa namba. Kiwanda kiliweka kumbukumbu za magari na wateja waliokabidhiwa. Mtaalamu akiitwa kukagua Bugatti haangalii kibati kimoja. Anakusanya namba zote na kuuliza kama zinaafikiana, kisha anauliza gari lilikuwa kwa nani mwaka gani, na nani alimwuzia nani.

Kwamba magari yaliyofichika bado yanaweza kupatikana, hilo limethibitika. Kule Newcastle, Uingereza, Bugatti nyingine aina ya 57S, isiyo Atlantic, ilikutwa kwenye gereji ya daktari mzee baada ya kifo chake. Ilikuwa imesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilitengenezwa mwaka 1937 kwa ajili ya Earl Howe, mkuu wa chama cha madereva wa mashindano cha Uingereza. Februari 2009 iliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 3.4, ikiwa na vumbi lake. Hakuna aliyebishana kuhusu umiliki, kwa sababu namba zilikuwepo, karatasi zilikuwepo, na kila mmiliki alijulikana.

Tujifunze nini

Wengi wetu hatutaliona gari la milioni 30 isipokuwa kwenye picha. Lakini pikipiki ya milioni mbili, shamba la ekari moja au Hiace ya kubeba abiria kwa mwenyewe ni kubwa kuliko Bugatti ya Rothschild, maana Rothschild alikuwa na nyingine za kupanda.

Magari haya manne yalitoka kiwanda kimoja, kwa mikono ya mafundi wale wale. Kilichoyatenganisha ni vita na ajali kwa upande mmoja, na kumbukumbu kwa upande mwingine. Lile la treni lilikuwa chuma chakavu, lakini kwa kuwa watu walijua ni lipi na ni la nani, limerudi barabarani. Lile jeusi pengine lilikuwa zima kabisa lilipoondoka, lakini halina mtu wa kulisemea.

Ukinunua gari, usiridhike na funguo na kupeana mikono. Andika jina kamili la aliyekuuzia, tarehe, bei, namba ya chasisi na namba ya injini, na shahidi aweke sahihi. Toa nakala mbili. Moja kaa nayo, nyingine mpe ndugu anayeishi mahali pengine, ikiwezekana upande wa pili wa mpaka. Kwa shamba na nyumba fanya hivyo hivyo, na waambie watoto mipaka iko wapi wakati bado una nguvu ya kutembea nao.

Ettore Bugatti alifukia vipuri vyake mwaka 1914 akavikuta mwaka 1919, kwa sababu aliyefukia ndiye aliyerudi kufukua. Mwaka 1941 aliyeandika ile orodha ya Bordeaux aliandika mstari mmoja tu, na hakuna aliyebaki wa kueleza kilichofuata.